Sura ya Tisa: Saini Mbili

Tangu walipopita Keroka, Manasseh hakumtazama mkewe hata mara moja.

Lynette Anyiko aliliona hilo upesi, maana macho ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Mwaka wa saba huu alikuwa akipima watu macho katika duka la miwani mjini Kisii, na ni huko alikompata mwalimu huyu wa Hisabati. Manasseh Omosa alikuja siku moja akilalamika kwamba maandishi ya ubaoni yanamchezea. Akakalishwa kitini, na msichana wa kutoka Kendu Bay akainama na kurunzi yake ndogo, akayatazama macho yale kwa karibu kabla hata hajalijua jina la mwenyewe. Manasseh alirudi mara tatu ndani ya majuma mawili, na miwani haikuwa na kasoro yoyote.

Leo macho hayohayo yalikuwa barabarani tu. Lynette alimwuliza kuna nini, akajibiwa hakuna kitu. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lao binti yao, Nyanchama, wa miaka minne, alikuwa amelala na kiatu kimoja mkononi. Walikuwa wanakwenda Gesima, nyumbani kwa mama yake Manasseh, ambako Lynette aliambiwa kutakuwa na maombi madogo ya shukrani kwa kuwa bibi huyo alikuwa amepona kifua.

Walipofika, hakukuwa na dalili za maombi. Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa kuzunguka meza, na katika kile kikubwa zaidi aliketi Mzee Joash Nyamongo, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Manasseh. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti hata Jumapili, siku ambayo kanisa lao halisali. Orpah Kwamboka, mama mwenye nyumba, alimkumbatia mjukuu wake kwa nguvu kisha akamsalimia Lynette bila kumwangalia. Na kulikuwa na msichana mmoja ambaye Lynette hakumjua, mrefu, mtulivu, aliyekuwa akimimina chai. Lynette alishangaa kuona anajua kabati la sukari liko wapi.

Mtoto akapelekwa kwa jirani kucheza. Hapo Lynette alijua kwamba ameletwa kwenye kikao.

Mzee Joash alianza mbali, kama wazee wanavyoanza. Alizungumzia boma la ndugu yake, marehemu Omosa, aliyeacha nyumba mbili. Nyumba ya pili, ya mke mdogo anayekaa kule chini kwenye majani chai, ina vijana watatu. Nyumba ya kwanza, hii ya Kwamboka, ina kijana mmoja tu, Manasseh. Na Manasseh ana binti mmoja. Mzee alisema anampenda sana huyo binti, lakini binti huolewa akaenda zake, na nyumba isiyo na mvulana huzimika, shamba lake likamezwa na nyumba nyingine. Akataja pia, kwa sauti ya chini, kile alichokiita lile tatizo la hospitali. Kila mtu mle ndani alifahamu maana yake. Siku Nyanchama alipozaliwa, Lynette alitokwa na damu mpaka madaktari wakalazimika kuutoa mfuko wa uzazi ili wayaokoe maisha yake.

Kwa hiyo, mzee akasema, familia imekaa ikafikiria bila ubaya wowote. Hakuna anayefukuzwa. Lynette atabaki kuwa mke mkubwa, na ataendelea kukaa mjini na kazi yake. Huyu Beverlyne, binti wa watu wema, fundi wa kufuma sweta za shule hapo sokoni Gesima, atakaa hapa nyumbani amsaidie mama, na Mungu akijalia, atalipatia boma mvulana. Ndoa ya Manasseh na Lynette ni ya kimila, na mila inaruhusu.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Miaka sita nyuma, baba yake Lynette alitaka harusi ifanyike katika kanisa lake la Anglikana, na Kwamboka akasema mwanawe hataoa nje ya kanisa la Sabato. Walipochoka kuvutana, vijana waliamua mahari ipelekwe, ndoa iwe ya kimila, na baadaye wakaenda kuisajili wapate cheti. Lynette hakufikiria siku ile kwamba cheti kile kimeacha mlango wazi.

Aliweka kikombe mezani, akamgeukia mumewe.

“Ulikuwa unajua?”

Manasseh alikuwa akiitazama chai yake. “Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Wiki tatu.”

Wiki tatu. Lynette alizipitia moja moja kichwani. Jioni walizokula pamoja. Ile Jumamosi walipokwenda kumnunulia mtoto viatu, na Manasseh akamshika mkono katikati ya soko kama mchumba. Alidhani ni mapenzi tu yaliyomjia ghafla, kumbe alikuwa ameshikwa mkono na mtu mwenye hatia. Hakutaka kulia mbele ya Mzee Joash.

Badala yake alimgeukia yule msichana, akamwomba kwa upole amwambie yeye ameelezwa nini. Mzee alikohoa, akasema hayo si maswali ya wasichana. Beverlyne alikuwa ameshaliweka birika chini.

“Niliambiwa dada amekubali,” alisema. “Niliambiwa wewe mwenyewe ndiye uliomba nitafutwe.”

“Sikuomba. Jambo hili nimelisikia sasa hivi, hapa mbele yako.”

Beverlyne alimtazama Manasseh, ambaye hakuinua uso, kisha akamtazama Kwamboka kwa muda mrefu zaidi. Akachukua jaketi lake lililotundikwa nyuma ya mlango. Alimshukuru mama kwa ukarimu wake, na akasema kwamba hata yeye ana mama, na mama huyo hakumlea aingie nyumba ya mtu kupitia dirishani. Alipopita karibu na Lynette alimgusa bega, akatoka. Kwa dirisha wakamwona akipanda njia ya kuelekea barabarani bila haraka, amenyoosha shingo.

Ndipo Kwamboka alipozungumza. Manasseh alikuwa akizungumza Kiswahili na mkewe siku zote, kwa kuwa mmoja ni Mkisii na mwingine Mjaluo, lakini mama alikitumia kwa nadra, na leo alikitumia ili kila neno limfikie Lynette.

“Mimi pia niliolewa hapa peke yangu,” alisema. “Miaka sita. Halafu siku moja Omosa akaja na yule. Sikulia mbele ya watu. Nililima, nikachuma majani chai, nikasomesha huyu. Hiyo mambo inavumilika, Lynette. Usifikirie utakufa.”

“Mama, siku ile alipomleta, kuna mtu alikuuliza?”

Mikono ya Kwamboka, iliyopasuka vidole kwa miaka ya kuchuma, ilishikana mapajani.

“Nani angeniuliza?” akasema.

“Basi mimi naona leo nimeulizwa, hata kama ni kwa kuzungukwa. Na jibu langu ni hapana. Nyanchama ni mtoto wa nyumba hii. Sheria ya urithi haimwulizi mtoto kama ni wa kike au wa kiume.”

Mzee Joash alitabasamu kidogo. Alisema sheria hizo zinaandikwa Nairobi, na Gesima ni mbali.

“Hati ya shamba lako ilitoka kwa sheria hiyohiyo, baba mdogo,” Lynette alimjibu, kwa adabu yote. “Na ilifika.”

Akasimama, akaomba ruhusa, akatoka nje.

*

Manasseh alimkuta kule nyuma ya nyumba, mahali majani chai yanapoanza kuteremka kuelekea mtoni. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka mlimani. Lynette alisikia hatua zake lakini hakugeuka.

“Sikusema ndiyo,” Manasseh alisema.

“Na hapana, uliisema?”

“Sikusema chochote. Nilidhani nikinyamaza watachoka waache.”

“Wamenunua mpaka biskuti, Manasseh. Hao hawakuwa wanachoka.”

Alianza kujieleza. Alisema hajawahi kumwona Beverlyne kabla ya leo, na hilo lilikuwa kweli. Alisema mama yake alimpigia simu usiku na mchana akilia kwamba atakufa akiiona nyumba yake imefungwa, shamba alilolilima kwa mikono yake likigawiwa watoto wa mke mwenza. Yeye ni mtoto wake wa pekee. Angemwambia nini?

“Yule ni mama yangu. Unajua alivyoteseka.”

“Najua. Ndiyo maana nashangaa kwamba ulikuwa tayari nami niteseke vilevile.”

Manasseh aliinua mkono kama anayetaka kumshika, akaurudisha. Alikuwa karibu kiasi kwamba Lynette alisikia harufu ya sabuni ileile wanayoitumia wote wawili, na kwa dakika moja mwili wake ulitaka kuegemea pale unapoegemea kila siku. Alijizuia.

“Nakupenda, Lynette. Hilo angalau hulitilii shaka.”

“Sina shaka na mapenzi yako. Nina shaka na mdomo wako. Unanipenda ukiwa kwetu Nyakoe, na ukifika hapa unakuwa bubu. Mimi siwezi kuwa mke wa mtu wa upande mmoja wa barabara.”

Ndipo alipomwambia. Mwaka jana wakili mmoja, mama mtu mzima, alikuja dukani kupimwa macho, na katika mazungumzo akamweleza jambo ambalo Lynette alilisikia kwa udadisi tu. Watu waliofunga ndoa ya kimila, kama mume bado ana mke mmoja, wanaweza kwenda kwa msajili wa ndoa wakatangaza kwamba tangu siku hiyo ndoa yao ni ya mke mmoja na mume mmoja. Wote wawili husimama mbele ya msajili, huandika, na kila mmoja hutia saini yake. Baada ya hapo hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kumletea mume mwanamke mwingine akaitwa mke.

“Sharti lake ni moja,” Lynette alisema. “Ni kwa hiari. Mimi siwezi kukupeleka, na mama hawezi kukuzuia. Alhamisi ya wiki ijayo saa nne asubuhi nitakuwa pale ofisini Kisii. Sitakupigia simu kukukumbusha. Usipotokea nitajua niko na nani, na nitarudi kwa yule wakili, safari hiyo nikitafuta haki zangu na za mtoto.”

“Na mpaka siku hiyo?”

“Mimi narudi Nyakoe na Nyanchama. Wewe utabaki hapa.”

Manasseh alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mshangao wake ulikuwa wa kweli.

“Unanifukuza kwangu?”

“Kwetu. Mkataba wa nyumba ile una majina mawili. Mke akikosana na mumewe, watu wamezoea kumwona yeye ndiye anafungasha nguo anarudi kwao. Mimi sijakosa, na sifungashi. Wewe ndiye unayetakiwa kufikiri, kwa hiyo fikiria hapa, karibu na wanaokunyamazisha. Shule yako ya Birongo si mbali na hapa, utafika.”

Alinyoosha kiganja. Ukungu ulipita kati yao, na macho ya Manasseh yalikuwa yamelowa nyuma ya miwani ambayo Lynette ndiye aliyemchagulia. Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka pale kiganjani. Vidole vyao viligusana, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa. Lakini viliondoka.

*

Siku kumi na moja si nyingi kwa anayezihesabu kwenye kalenda. Kwa Lynette zilikuwa na uzito wa mwaka.

Alikwenda kazini. Aliwakalisha watu kitini, akawauliza herufi gani wanaiona, kulia au kushoto, hii au ile iliyo wazi zaidi. Alirudi Nyakoe jioni, akanunua mboga pale barabarani, akapika, akagundua kwamba ameweka sahani tatu, akairudisha moja. Upande wa pili wa kitanda aliuacha vilevile. Hakuufua mto wa Manasseh, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Baba yake alipata habari, asijue mtu kwa njia gani, akapiga simu kutoka Kendu Bay. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba aliwahi kumwonya kuhusu kuolewa mbali na watu wake, na kwamba nyumba ya baba yake ina nafasi.

“Rudi, nyara,” alisema, yaani binti yangu. “Hakuna atakayekucheka.”

“Sirudi, baba. Mimi niliolewa, sikuazimwa.”

Mzee yule alicheka kidogo kwenye simu, cheko la mtu aliyeshindwa na mwanawe na hajali kushindwa. Alimwambia basi asimame imara, na akihitaji mtu wa kusimama naye, ajue yuko wapi.

Manasseh naye alipiga kila siku saa moja jioni, lakini alimwomba mtoto. Lynette aliishika simu sikioni mwa Nyanchama, naye akaisikia ile sauti ikiuliza habari za shule, za paka wa jirani, za viatu vyake vipya. Hakumwuliza habari za mama yake. Lynette alielewa: alikuwa ameachiwa afikiri, naye alikuwa anajaribu kufikiri bila kubembeleza. Hilo lilimuuma kuliko kama angebembeleza.

Jumatano, siku moja kabla ya ile, Nyanchama alichoka kuongea, akamtupia mama yake simu mapajani, akakimbilia katuni. Lynette aliiinua. Hakuikata.

“Lynette,” Manasseh alisema.

“Nipo.”

Upande wa kule kulikuwa na mlio wa matone juu ya mabati.

“Mvua inanyesha huku,” akasema.

“Hata hapa.”

Wakakaa hivyo, kila mmoja na mvua yake, labda dakika mbili, labda tano. Kisha Lynette akamtakia usiku mwema, akaiweka simu chini, akaenda jikoni akasimama mbele ya sinki. Alikuwa amekaribia kumwuliza kama atakuja. Alishukuru kwamba hakuuliza.

*

Alhamisi alivaa gauni lake la buluu la kazini, si la sherehe. Alimpeleka mtoto shule, akaomba ruhusa ya nusu siku, akapanda ngazi za ofisi ya msajili wa ndoa saa nne kasorobo, amejiandaa kusubiri.

Manasseh alikuwa tayari ameketi kwenye benchi la nje. Alikuwa amekonda. Na kando yake, leso kichwani na mkoba umekumbatiwa kifuani, aliketi mama yake.

Lynette alifikiri: amekuja na mama yake ili asikatae peke yake. Manasseh alisimama upesi.

“Si unavyodhani,” alisema. “Nilimwambia baba naenda wapi, naye akasema hatabaki nyumbani akingojea kuhadithiwa.”

Wakisii huita mama zao baba, jambo ambalo miaka ya mwanzo lilikuwa likimchekesha Lynette. Leo hakucheka. Alimwinamia Kwamboka, akamsalimia. Kwamboka aliipokea salamu.

“Sikuja kubariki,” alisema. “Na sikuja kuzuia. Nimekuja kuona kwa macho yangu.”

Waliitwa ndani wote watatu. Afisa alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyeona ndoa za kila aina. Alikagua cheti chao cha ndoa ya kimila, akauliza kama mume ana mke mwingine yeyote, akajibiwa hana. Akawaeleza polepole maana ya jambo wanalotaka kulifanya, kwamba wakishatia saini, Manasseh hataweza kuoa mke mwingine maadamu ndoa hii ipo, si kwa mila wala kwa njia nyingine. Kisha akamgeukia.

“Mwalimu, kuna mtu amekulazimisha kuja hapa?”

“Hapana.”

“Mke wako hajakutisha?”

“Alinipa siku na saa,” Manasseh alisema. “Kuja nimekuja mwenyewe.”

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lynette aliijua ishara hiyo. Ilikuwa ya mtu anayejiandaa kusema jambo gumu.

Hakuwa akimwambia afisa. Aligeuza kiti kidogo akamwelekea mkewe. Alisema Jumamosi baada ya ibada alimfuata baba yake mdogo, mbele ya mama na mbele ya wale ndugu watatu wa nyumba ya pili, akasema hapana, kwa sauti, na akairudia kwa Ekegusii, lugha yao, ili isije ikasemwa haikueleweka. Aliwaambia kwamba sehemu ya shamba iliyo ya nyumba ya Kwamboka ataiandikia Nyanchama, na akiolewa au asipoolewa, itabaki yake. Mzee Joash alisimama akaondoka bila kunywa chai. Mama hakumsemesha siku mbili.

“Nilikuwa naogopa wangeniita mtu wa kutawaliwa na mwanamke,” Manasseh alisema. “Wakaniita. Nikaona sikufa. Lakini wewe ungeondoka, hapo ningekufa, Lynette, hata kama ningeendelea kwenda shule kufundisha.”

Afisa aliipitisha karatasi, naye akatia saini. Kalamu haikusita.

“Na wewe, mama?” afisa akamgeukia Lynette. “Ni kwa hiari yako?”

Lynette alifungua kinywa ajibu, kisha akaitazama karatasi. Siku zote zile alikuwa akingoja uamuzi wa Manasseh kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Alisahau kwamba karatasi ina mistari miwili. Kwamba hata yeye alikuwa anafunga mlango mmoja na kuufungua mwingine, na hakuna aliyeweza kumsukuma. Mbele yake alikaa mtu aliyemficha jambo wiki tatu. Mtu huyohuyo alikuwa amekwenda peke yake mbele ya watu asiotaka kuwaudhi, na akasema. Alimtazama, si kama mume, bali kama anavyowatazama wanaokuja dukani, kwa subira, akitafuta kilichoko ndani kabisa. Manasseh hakukwepa. Aliyaacha macho yake yasomwe.

“Nina swali moja kwanza,” Lynette alisema. “Siku nyingine wakikuita, mkaketi bila mimi, na mambo yanayonihusu yakaletwa mezani. Utafanya nini?”

Manasseh hakufikiri. “Nitasimama niwaambie mke wangu hajafika, kwa hiyo kikao hakijaanza.”

Afisa aliinama akajifanya anatafuta muhuri. Machozi ambayo Lynette aliwanyima wale wazee ile Jumapili ya Gesima yakamtoka hapo, kimya, bila aibu. Akavuta karatasi.

“Ni kwa hiari yangu,” alisema, akatia saini.

Chini ya meza Manasseh aliushika mkono wa kushoto wa Lynette. Safari hii hakushikwa na mtu mwenye hatia. Alikibana kiganja kile kwa nguvu, naye akabanwa vilevile. Walipotoka ofisini Manasseh alimwuliza, karibu na sikio, kama anaweza kurudi nyumbani leo.

“Ukipitia sokoni,” Lynette alimwambia. “Zamu ya kupika ni yako. Umeziruka kumi na moja.”

Manasseh alicheka, kwa mara ya kwanza tangu lini, Lynette hakukumbuka, naye pia akacheka. Wakakaribia ngazi, ndipo wakagundua kwamba Kwamboka hayuko nyuma yao. Alikuwa amesimama mlangoni, ameomba kwa afisa nakala yao ya karatasi ile, ameishika kwa mikono miwili mbali kidogo na uso kwa sababu macho yake hayaoni karibu. Kidole chake kilikuwa kikipita juu ya majina, kwanza moja, kisha la pili.

Walimrudia. Alikuwa bado anaitazama karatasi aliposema.

“Kama hii kitu ingekuwa wakati wangu, Omosa angekubali kuweka saini?”

Manasseh alitaka kusema neno la kumfariji, Lynette akamgusa mkono anyamaze. Hakutaka kumdanganya mwanamke yule.

“Sijui, mama,” alisema. “Lakini wewe ungeulizwa.”

Kwamboka aliikunja karatasi taratibu, akamrudishia Lynette, si Manasseh. Kisha akaushika mkono wa mkwewe kwa mkono wake mkavu wenye nguvu, akaanza kushuka naye ngazi moja baada ya nyingine, akimwuliza kama kweli kuna miwani ya kumfaa mtu wa umri wake, na kama duka liko mbali.